Kuomba rezidensi Marekani ukiwa ulirudia mwaka: anguko lina mahali pake

Ukirudia mwaka wa kwanza kwenye chuo cha udaktari Marekani habari hiyo haifutiki, inakufuata mpaka kwenye faili la kuomba rezidensi, yale mafunzo ya ubingwa hospitalini baada ya kumaliza udaktari, na anayeiandika wa kwanza wala sio wewe, ni chuo chako. Naanzia hapa kwa sababu wadogo zangu wengi wanaonipigia simu wanaanza na swali la kuficha, dada hivi lazima niseme, hivi wataona kweli? Wataona. Kuna barua inaitwa MSPE, wengine wanaiita barua ya mkuu wa chuo, kila mwanafunzi anaandikiwa na inaenda kwenye kila programu ya rezidensi anayoomba, na humo ndani kuna sehemu ya historia ya masomo ambayo inauliza waziwazi kama mwanafunzi alitakiwa kurudia au kufidia somo lolote, na kama kuna kipindi masomo yake yalisimama au yalirefushwa. Chuo kinajibu. Afu kwenye fomu yenyewe ya ERAS, ule mfumo wa kutuma maombi, unaulizwa tena wewe mwenyewe kama masomo yako yalikatizwa au yalirefushwa, na unapewa nafasi ya kueleza sababu. Kwahiyo swali la kuficha tulifunge, tubaki na swali lenye kazi ndani yake: lile anguko likae wapi kwenye faili lako na lichukue nafasi kiasi gani.

Mi nilirudia mwaka wa kwanza. Sasa hivi nipo mwaka wa mwisho wa rezidensi ya magonjwa ya ndani, na kama ilivyo kwenye programu nyingi marezidenti wakubwa tunashirikishwa kuwafanyia intavyuu wanaoomba, kwahiyo nimeshakaa pande zote mbili za meza na ninayoyasema hapa nimeyaona kwa macho.

Kilichonikuta mwaka ule ni kitu kinachowakuta wengi. Nilitoka digrii ya kwanza nikiwa mtu wa kusoma notsi, kurudia notsi, kupiga mistari, mpaka vitu vinakaa kichwani, na njia ile ilinifikisha mbali tu, sasa udaktari ukaja na wingi wa mambo ambao hata ukikesha wiki nzima huumalizi kwa kusoma na kurudia, fiziolojia ikaniangusha, bayokemia ikaniangusha, mitihani ya marudio nayo haikutosha, kamati inayosimamia maendeleo ya wanafunzi ikakaa ikaamua nirudie mwaka mzima. Wenzangu wote nilioanza nao wakaenda mbele. Nilikaa siku kadhaa sijamwambia mtu nyumbani, kwa sababu nyumbani kila mtu alikuwa anahesabu miaka ya mimi kumaliza, afu nikampigia mama, nikaongea weee nikilia, akanisikiliza mpaka mwisho akaniuliza swali moja tu, wamekufukuza? Nikamwambia hapana mama, wamesema nirudie. Akasema basi wamekuambia urudi, rudi mwanangu.

Nikarudi. Kitu kilichonisaidia kuliko vyote ni kwamba chuo kilikuwa na mtaalamu wa mambo ya kujifunza, mtu ambaye kazi yake ni kukaa na mwanafunzi na kuangalia anasomaje, na vyuo vingi Marekani wanao watu hawa na huduma ni bure, ila wanafunzi wanaenda kwao wakishaanguka tayari, na wengine hawaendi kabisa kwa aibu. Inaniuma sana hii. Yule mtaalamu alinibadilisha mpangilio mzima, nikaanza kusoma kwa maswali, yaani unajibu swali kwanza kabla hujajiona umeiva, ukikosa ndio unarudi kwenye kitabu kutafuta kwanini umekosa, nikaanza kutumia Anki, ile programu ya kadi za maswali na majibu, kila siku kwa vile vitu vya kukumbuka tu, na nikawa namweleza mwenzangu kwa sauti somo la siku bila kuangalia karatasi. Mwaka ule wa pili wa mwaka wa kwanza nikafaulu kila kitu, na sikurudi tena mbele ya ile kamati mpaka nimemaliza.

Sasa tuje kwenye maombi yenyewe. Jambo ambalo nilichelewa kulielewa, na ningependa kila mwenye anguko alielewe mapema, ni kwamba kuna anguko linalochujwa na kompyuta na kuna anguko linalosomwa na binadamu, na haya mawili yanatafutiwa njia tofauti kabisa. Ukifeli Step 1 au Step 2 CK, ile mitihani ya taifa ya leseni ya udaktari, hiyo ni data, inakaa kwenye ripoti ya mitihani ya USMLE pamoja na kila jaribio ulilowahi kufanya, na mfumo wa ERAS unamruhusu mkurugenzi wa programu kuchuja maombi kwa vitu kama hivyo kabla hata hajafungua faili moja. Ila kurudia mwaka, au kurudia somo, au kusimama masomo kwa muda, hayo zaidi ni maneno yaliyoandikwa ndani ya barua na kwenye fomu, yanaeleweka mtu akilifungua faili akayasoma. Kwahiyo mwenye Step iliyofeli kazi yake ya kwanza ni kutafuta programu ambazo hazimchuji, na wa kurudia mwaka kazi yake ya kwanza ni kuhakikisha yule anayesoma, akifika kwenye lile neno, ameshaona au anakaribia kuona mambo mengine mengi mazuri yanayolizunguka. Ukichanganya hizi mbili unapoteza pesa, maana ERAS unalipia kwa idadi ya programu, na ukizidisha idadi bei ya kila programu ya ziada inapanda.

Programu nyingi zinaandika kwenye tovuti zao kama zinataka mitihani iliyofaulu jaribio la kwanza. Wengine hawaandiki, hao unamwandikia koodineta barua pepe fupi ya heshima unamuuliza, je mnapitia maombi ya mtu aliyefaulu Step 1 jaribio la pili? Wanajibu, sio wote ila wengi wanajibu, na jibu la hapana ni faida pia kwako maana hela ile unaipeleka pengine. Kwa USMLE kumbuka pia kwamba tangu Julai 2021 kikomo ni majaribio 4 kwa kila mtihani, zamani yalikuwa 6, kwahiyo usirudi kwenye chumba cha mtihani kwa kubahatisha.

Na kwanini wanaogopa? Hapa watu wengi wanadhani wakurugenzi wanatafuta watu wenye akili nyingi na wengine wanawadharau, ndio maana mtu mwenye anguko anaandika barua ya kujitetea kwamba ana akili. Sio hivyo. Mkurugenzi wa programu anapimwa na ACGME, shirika linalotoa ithibati ya programu za rezidensi, na moja ya vitu linavyoangalia ni wahitimu wake wangapi wanafaulu mtihani wa bodi ya ubingwa. Rezidenti akifeli Step 3, ule mtihani wa mwisho wa leseni, akifeli bodi, programu inaingia matatani, na ukichukua mtu akashindwa katikati ya safari wenzake ndio wanabeba zamu zake. Kwahiyo akiliona anguko lako kichwani anajiuliza swali moja tu la kazi, huyu nikimpa mtihani mkubwa miaka 3 kutoka leo atafaulu? Ukishajua swali ni hilo unajua pia jibu linatoka wapi. Linatoka kwenye mitihani uliyofanya baada ya anguko. Maneno hayajibu swali hili hata yawe matamu vipi.

Ndio maana Step 2 CK imekuwa nzito sana. Tangu tarehe 26 Januari 2022 Step 1 inatolewa kwa kufaulu au kufeli tu, hakuna alama tena, kwahiyo namba pekee ya kitaifa anayobaki nayo mkurugenzi kwenye faili lako ni ya Step 2. Kwa mtu mwenye rekodi safi ni mtihani muhimu, kwa mtu aliyeanguka mwanzoni ni ushahidi, ni karatasi inayosema yule mtu wa mwaka wa kwanza na huyu wa leo wanasoma tofauti. Ifanye ukiwa umeiva kweli, na ifanye mapema kiasi kwamba majibu yatoke kabla ya mwisho wa Septemba, maana ndio wakati programu zinafunguliwa maombi kuyaona na majibu huwa yanachukua wiki kadhaa kutoka. Mi nilisogeza rotesheni moja nyepesi, yaani kipindi cha kujifunza kwenye idara moja ya hospitali, nikapata muda wa kusoma tu, nikaifanya kiangazi, na matokeo yalipotoka nikajua sasa nina kitu cha kuweka mezani. Mitihani ya mwisho wa rotesheni za mwaka wa tatu nayo inasomwa, tena ikipanda moja baada ya nyingine inasomwa kwa furaha, kwahiyo usiidharau ile ya rotesheni ambayo huipendi.

Haya, barua binafsi, ile unayoiandika mwenyewe kujieleza kwa programu. Hapa ndipo watu wazuri wanaharibu. Nimesoma barua za waombaji ambao ningewachukua kesho asubuhi, ila barua nzima kuanzia mstari wa kwanza mpaka wa mwisho ni habari ya kufeli, jinsi alivyofeli, alivyojisikia, alivyolia, alivyosimama, na mimi namaliza kusoma najua kila kitu kuhusu mwaka wake mbaya na sijui chochote kuhusu yeye kama daktari, sijui anapenda wagonjwa wa aina gani, sijui kwanini anataka hii fani, sijui akikaa na mzee asiyetaka dawa anamwambiaje. Tunapomwelezea mgonjwa kwenye raundi magonjwa ya zamani yana mstari wake, unayataja, unayataja kwa ukamilifu bila kuficha, afu unaendelea na kilichomleta leo. Faili lako lielezwe hivyo hivyo. Aya moja fupi, sentensi chache, iwe katikati au kuelekea mwisho, yaani kilichotokea, nilichobadilisha, na kilichofuata, afu rudi kwenye dawa na wagonjwa. Na kama nafasi ile ya kwenye fomu ya ERAS ya kueleza kurefushwa kwa masomo umeijaza vizuri, barua binafsi yaweza isiliguse kabisa, hasa kama anguko ni la somo moja na ni la zamani. Mimi niliamua kuliweka kwa sababu mwaka mzima ni kitu kikubwa na nilitaka asikie sauti yangu kabla hajasikia ya barua ya chuo.

Usimtupie mtu lawama pale. Hata kama mwalimu alikuwa mbaya, hata kama kweli mtihani haukuwa wa haki, hiyo aya sio mahali pake, msomaji hana namna ya kupima na anabaki na wasiwasi tu. Kama kulikuwa na ugonjwa au msiba sema kwa ufupi kwamba kulikuwa na ugonjwa au msiba, huhitaji kufungua maumivu yako yote kwa watu usiowajua ili wakuonee huruma, na kama ni suala la afya una haki ya kutolitaja kwa jina. ERAS pia ina sehemu ya kuorodhesha mambo uliyofanya, mwisho 10, na unachagua 3 yenye maana zaidi kwako unayaelezea kwa undani. Hayo matatu usiyatumie kuongelea anguko. Kama ulikuja kuwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza baada ya wewe mwenyewe kurudia, hilo liweke, maana ni kazi uliyofanya kwa mikono yako na inaongea yenyewe.

MSPE yako isome. Vyuo vingi vinampa mwanafunzi nafasi ya kuipitia kabla haijatumwa ili arekebishe makosa ya ukweli, na wengi wenye anguko hawaendi kwa sababu hawataki kuona lile neno limeandikwa. Nenda. Huwezi kuwaambia walitoe, ila unaweza kuhakikisha tarehe ni sahihi, kwamba wameandika ulirudia na ukafaulu na sio ulirudia nukta, na kwamba maelezo yako kwenye fomu na maelezo yao kwenye barua yanasema kitu kimoja. Hakuna kitu kinamwogopesha msomaji kama hadithi mbili. Nimewahi kuona faili ambalo mwombaji ameandika alisimama kwa ajili ya utafiti na chuo kimeandika alirudia masomo, na hapo hata uwe na alama za namna gani mjadala unageuka, watu wanaacha kuongelea masomo wanaanza kuongelea uaminifu.

Barua za mapendekezo, kila programu unaituma mwisho 4. Watu wanapenda kukimbilia kwa daktari mwenye jina kubwa ambaye walikaa naye wiki moja akiwa na haraka. Mwenye anguko hana haja na jina kubwa, ana haja na mtu aliyemwona akifanya kazi karibuni, kwa muda, kwa jasho, hasa ile rotesheni ya mwaka wa nne ambako unabeba wagonjwa wako mwenyewe karibu kama intern. Mwambie wazi, daktari nilirudia mwaka wa kwanza, naomba kama unaona inafaa uandike kuhusu ninavyojiandaa na ninavyofuatilia wagonjwa. Mi niliogopa sana kumwambia daktari wangu vile, nilikaa nje ya ofisi yake nikizunguka zunguka, nikaingia nikasema, akanijibu mbona hukuniambia siku zote, afu akaandika barua ambayo sijawahi kuisoma kwa sababu nilisaini kuacha haki ya kuiona kama inavyoshauriwa, ila kwenye intavyuu zaidi ya mtu mmoja aliniambia daktari wako amekuongelea vizuri sana. Na muulize hivi: unaweza kuniandikia barua yenye nguvu? Akisitasita, mshukuru, tafuta mwingine.

Kuhusu fani gani uombe, hapa nitasema ninachoamini na najua wengine watapinga. Usiachie fani unayoipenda kwa sababu ya mwaka wa kwanza peke yake. Ila kaa chini na mshauri mwenye takwimu, NRMP, shirika linaloendesha mechi ya kuwagawa waombaji kwenye programu, huwa inatoa ripoti za waliopata na waliokosa kwa kila fani, soma, linganisha na faili lako zima. Upasuaji wa ubongo ambao ni miaka 7 na nafasi ni chache, upasuaji wa plastiki, ngozi, mifupa, huko hata wenye rekodi safi wanakosa, kwahiyo ukienda huko uende na mpango wa pili ulioandikwa na sio wa kichwani. Tiba ya familia, watoto, magonjwa ya ndani, zote ni miaka 3, zina nafasi nyingi na zina wakurugenzi wengi wanaosoma faili zima. Mshauri mmoja aliwahi kuniambia nisahau kabisa magonjwa ya ndani kwenye hospitali ya chuo kikuu, alisema kwa nia njema, mimi nikamwomba tuangalie pamoja programu moja moja badala ya kuongelea fani yote kwa mkupuo, na tulipoangalia listi ikawa tofauti na maneno. Omba programu za aina mbalimbali, za vyuo vikuu, za hospitali za jamii, na zile unazozitaka kweli zipe signali, maana siku hizi fani nyingi zinakupa signali chache za kumwambia mkurugenzi kwamba kwake una nia hasa, na faili lenye alama ya kuuliza likija na signali lina nafasi nzuri zaidi ya kufunguliwa.

Intavyuu zinaanza Oktoba zinaenda mpaka Januari, na tangu 2020 nyingi ni za kwenye video. Ukishaitwa, elewa kitu kimoja: wameshaona. Hawajakualika ili wakushtukize. Kwahiyo swali likija, na linaweza lisije kabisa, jibu lisizidi dakika. Langu lilikuwa hivi, mwaka wa kwanza nilifeli fiziolojia na bayokemia kwa sababu njia yangu ya kusoma haikuendana na wingi wa kazi, nikarudia mwaka, nikajifunza kusoma kwa maswali na kujipima, toka hapo nimefaulu kila mtihani na Step 2 ni hii mnayoiona, na mpaka leo nikiwa na mgonjwa nisiyemwelewa natumia njia ile ile. Kisha nikanyamaza. Kunyamaza ndio kugumu, mdomo unataka kuongeza, unataka kuomba msamaha, na ukiongeza sentensi ya nne na ya tano yule anayekusikiliza anaanza kuona jambo ni kubwa kuliko alivyodhani. Fanya mazoezi kwa sauti na mtu mpaka sauti isitetemeke. Mimi nikikaa upande wa pili sasa hivi, mtu akinijibu hivyo naandika kwenye karatasi yangu na tunaenda kwenye swali lingine, ni kweli kabisa.

Afu inakuja listi ya kupanga programu, ile unayoziandika kwa mpangilio unaozitaka baada ya intavyuu, na hapa nataka mnisikilize vizuri kwa sababu naona aibu ya zamani inarudi kwa mlango wa nyuma. Watu wenye anguko wanapanga listi kwa woga. Ile programu aliyoipenda kuliko zote anaiweka ya nne au ya tano kwa sababu "hawatanichukua watu wale", anaanza na ile anayodhani itamhurumia. Usifanye hivyo hata kidogo. Mechi, ule mfumo unaolinganisha listi za waombaji na listi za programu, ilianza mwaka 1952, na toka 1998 inatumia hesabu iliyotengenezwa na Alvin Roth na Elliott Peranson ambayo inaanza na listi ya mwombaji, inajaribu chaguo lako la kwanza, pakikataa inashuka la pili, inashuka la tatu, na kule kukataliwa juu hakukupunguzii chochote kule chini. Programu za chini hazijui uliziweka namba ngapi. Roth na Lloyd Shapley, ambaye nadharia yake ya 1962 aliyoandika na David Gale ndio msingi wa mambo haya, walipewa Nobel ya uchumi 2012. Kwahiyo panga kwa moyo wako wote, ya kwanza iwe ya kwanza kweli, na uweke programu zote ulizofanyia intavyuu ambazo upo tayari kufanya kazi, maana listi ndefu inakulinda. Zile ambazo hauko tayari hata kidogo usiziweke, matokeo yanakufunga kimkataba.

Listi zinafungwa mwanzoni mwa Machi, na wiki ya tatu ya mwezi huo Jumatatu unaambiwa kama umepata, Ijumaa unaambiwa wapi. Mtu mwenye anguko lazima ajue habari za SOAP kabla ya Jumatatu ile, asisubiri aambiwe hajapata ndio aanze kugoogle akiwa analia. SOAP ilianza 2012, ni utaratibu wa nafasi zilizobaki, unaomba mpaka programu 45, hairuhusiwi wewe kuzipigia simu wala kuziandikia kabla hazijakutafuta zenyewe, na ofa zinatoka Alhamisi kwa raundi. Andaa barua binafsi ya pili ya fani nyingine tangu Februari, iweke kwenye mfumo, ongea na mshauri wako mapema awe karibu na simu wiki ile. Mi niliandaa na sikuitumia. Rafiki yangu wa karibu aliandaa akaitumia, akapata tiba ya familia, na leo ni mmoja wa madaktari ninaowaamini kuwapelekea ndugu zangu.

Kwa ndugu zangu mnaosoma nje ya Marekani na mnataka kuja, mengi ya hapa yanawahusu ila mna mzigo wa ziada, cheti cha ECFMG, shirika linalohakiki madaktari waliosoma nje, suala la viza, na programu nyingine zinaangalia mwaka uliohitimu. Kama ulirudia mwaka kwenye chuo chako huko, transkripti itaonyesha, na ECFMG inazihakiki nyaraka moja kwa moja na chuo, kwahiyo msidanganywe na mtu anayesema atawasaidia kusafisha rekodi. Mtu akikutwa na nyaraka ya kughushi anaandikiwa rekodi ya ukiukwaji na hiyo haitibiki kwa Step 2 nzuri. Wakati huo huo mjue kwamba takriban daktari mmoja kati ya wanne wanaofanya kazi Marekani alisomea nje, na wapo humo waliorudia mwaka, nawajua.

Nimeulizwa na mdogo wangu mmoja aliyepo mwaka wa pili, amefeli Step 1 mwezi uliopita, aanzie wapi. Nilimwambia wiki hii asiguse kitabu, alale, ampigie mama yake. Wiki ijayo aende kwa mtaalamu wa kujifunza na ile ripoti ya mtihani aliyopewa, wakae wapitie maeneo aliyopungukiwa moja moja, na asiweke tarehe ya kurudia mpaka mitihani ya majaribio imekaa juu ya kiwango cha kufaulu, tena zaidi ya mara moja. Habari ya rezidensi tutaiongea mwaka wa tatu ukianza, nimeshamwambia tutakaa naye.